Sakafu ya Chumba cha Eda

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga mjini kununua boriti za dari, na nilipoingia tu kwenye uwanja wa mbao ikanipiga puani harufu ya oili chafu. Palikuwa na pipa lililokatwa katikati, na kijana mmoja alikuwa akichovya humo ncha za nguzo ili mchwa wasizile. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Muuza mbao akadhani nimepotea. "Mama," akaniambia kwa upole, "mambo ya vipimo mwachie mzee. Akija nitaelewana naye." Nikamwambia mzee mwenyewe ndiye mimi, alete futi. Nikampimia mbao zake mbele ya wafanyakazi wake, nikazikataa zilizopinda na zilizokuwa bado mbichi, nikapakia nzuri, nikaondoka.

Nina stashahada ya ujenzi. Niliisomea ng'ambo, kwenye baridi ya kukata masikio, darasani nikiwa mwanamke peke yangu, na nilirudi nayo nyumbani wakati wengi walidhani ningerudi na mabegi matupu. Nyumba ninayoishi Pangani niliichora mwenyewe na kuisimamia mwenyewe, tangu msingi hadi paa, na anayetafuta ufa aje na miwani yake. Watasema najisifu. Ndiyo, najisifu. Nimejisomesha, nimejijenga, sikurithi kazi wala cheo. Kitu kimoja tu sikujipa mwenyewe, nacho ni ukaidi. Huo nilipewa ningali na mapengo mdomoni, katika chumba ambacho mwanamume alikuwa haruhusiwi kuingia, na harufu ya chumba hicho ilikuwa hiyo hiyo ya oili chafu.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka Pangani ya zama za Mwingereza: nazi zikikaushwa ziwe mbata na kunuka mji mzima, wavushaji wakiitana mtoni baina yetu na Bweni, mikate ya kumimina ikiiva asubuhi kabla jua halijawa kali. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa zama za Mdachi, na ilisimama kama mgeni katikati ya nyumba za mawe na za udongo. Sakafu yake ilikuwa ya mbao. Mbao zilipigiliwa juu ya boriti, boriti zikalala juu ya vijiguzo vya matofali, na chini ya yote hayo kulikuwa na uvungu wa giza ambao mtoto aliweza kuupitia akitambaa na mtu mzima hakuweza. Baba aliipenda sakafu ile. Alikuwa akipenda kuikanyaga kwa kisigino na kumwambia mgeni, "Sikiliza. Hii si sakafu, ni ngoma."

Baba alifariki kwa homa, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza. Mnajua desturi yetu. Chini ya kitanda cha kuoshea maiti huchimbwa ufuo, shimo la kupokea yale maji yasitapakae yakakanyagwa. Kwenye nyumba ya sakafu ya udongo ni kazi nyepesi. Kwetu kulikuwa na mbao. Basi Ami Salehe, mdogo wake baba, ndiye aliyesimamia. Akaamuru mbao za katikati ya chumba zing'olewe, wachimbaji wakashuka wakachimba. Kazi ilipokwisha shimo likafukiwa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuvipitisha mjini vitu vilivyoguswa na maji yale, jamvi kuukuu na makuti vikasukumwa humo humo, udongo ukarundikwa juu, mbao zikarudishwa mahali pake.

Mimi niliyaona ya mwanzo tu, nikiwa mlangoni: mbao zikifunguliwa, shimo likichimbwa, baba akiingizwa chumbani amebebwa. Hapo Bi Zuhura, jirani yetu, akanifunika kanga yake akanipeleka kwake. Niliporudi mbao zilikuwa zimeshapigiliwa, baba hayupo, na taa ndogo inawaka juu ya pale mahali. Nikamuuliza Bi Zuhura baba yuko wapi.

"Yuko chini, mwanangu," akasema. "Amepumzika."

Mtoto huamini alichokiona. Nikajua baba yuko chini ya sakafu.

Mama akaingia eda. Akavaa nguo nyeupe, akaacha udi na marashi na mafuta ya kunukia, akakaa chumbani asionekane na mwanamume asiye wake wala asitoke nje ya nyumba mpaka muda wake utimie. Mchana, mji ukiwa umelala kwa joto na mama amejinyoosha kitandani, mimi nilikuwa nikijilaza kifudifudi na kubandika sikio kwenye mbao. Nilikuwa nikimsikia. Sauti ilikuwa ndogo, kavu, haina haraka, kama ya mtu anayetafuna. Na baba alikuwa mlaji wa tambuu! Nikafurahi kwamba huko aliko hajaikosa. Nikawa namnong'oneza habari: kuku ametotoa, Bi Zuhura amegombana na muuza samaki, Ami Salehe amechukua baiskeli yake. Nilikuwa nikingoja, na kila nilipomaliza, alikuwa akitafuna.

Siku moja, eda ikiwa imeingia mwezi wa tatu, Bi Zuhura alikuja na bakuli la uji. Alikuwa mwanamke wa mwili, Mungu amrehemu, mwenye kuingia mahali, na mahali pakajua. Alipofika katikati ya chumba, ubao ukalia, ukazama, na mguu wake ukapotea mpaka gotini. Uji ukamwagika.

"Mwanaisha!" akapiga kelele, akimwita mama kwa jina. "Nimeleta uji kwa mjane au nimeleta mguu kwa mchwa?"

Tulipomtoa, ndani ya ule ubao mlikuwa hamna ubao. Juu ulikuwa na ngozi ya rangi, chini ngozi nyingine, na katikati udongo mtupu.

Mji wetu haukuwa na gazeti kwa sababu haukulihitaji. Kabla ya alasiri Ami Salehe alikuwa amekwisha kusimama ukumbini, upande wa pili wa pazia.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, Salehe. Kaa huko huko."

"Nimesikia nyumba imeliwa. Pole sana. Sasa usitie shaka, sheria ina nafasi. Mwenye eda hatoki ila kwa dharura, na nyumba ya kuanguka ni dharura. Nitawavusha Bweni, wewe na mtoto. Mke wangu atawapa chumba cha uani."

"Na nyumba?"

"Nyumba nitaitazama. Nitaweka mbata humu kwa muda, isikae tupu."

Mama akasema, "Salehe, sakafu iliyoshindwa na Zuhura itabeba magunia ya mbata?"

Nilisikia viatu vya Ami vikigeuka ukumbini.

"Mwanamke wa eda habishani," akasema. "Ijumaa baada ya sala nakuja na Sheikh. Akiona hilo shimo atasema mwenyewe."

Mirathi ilikuwa haijagawanywa. Mimi sikuijua maana yake, lakini mama aliijua: katika nyumba ambayo haijagawanywa, aliye ndani ndiye aliye nayo. Akivuka mto na furushi lake, magunia yangeingia kwa mlango wa mbele, na sisi tungebaki wageni wa uani maisha yetu yote. Akakaa akilitazama lile shimo. Kisha akaniambia, "Nenda kaniitie Fundi Kombo. Mwambie apite uani, asimame dirishani, asiingie."

Fundi Kombo alikuwa seremala, mwanamume wa sauti kubwa na suruali iliyojaa misumari. Mama hakutaka kusemezana naye, naye hakutaka kusemezana na mwenye eda, kwa hiyo maneno yote yalipitia kwangu, ingawa baina yao palikuwa na ukuta mmoja na kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mama yako nusu ya mji huu nimejenga mimi."

"Muulize kama ni ile nusu inayoanguka."

Fundi akacheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Haya. Lakini mwambie kazi ya boriti si ya wanawake."

"Mwambie basi aingie aifanye yeye."

Hapo Fundi akavua kofia, akajikuna. Kuingia hakuweza. Kumhamisha mama chumbani kwa siku zote za kazi, mafundi wakiingia na kutoka, ndiko kumpa Ami Salehe alichokitaka. Wakaafikiana, kupitia kinywa changu, kwamba yeye atakata na kuchonga nje, wanawake watafanya ndani, naye ataelekeza kwa sauti. Likabaki jambo moja. Lazima mtu ashuke chini ya sakafu aseme kuna nini, na kwa kuwa shimo la mguu lilikuwa jembamba, njia ilikuwa moja tu, tundu la kupitishia hewa kwenye ukuta wa nyuma. Tena chini ile ndipo palipochimbwa ufuo. Hata Bi Zuhura, ambaye alikuwa hamwogopi mkuu wa wilaya, akarudi nyuma. "Mahali pale hapachezewi," akasema. "Mtoto atapatwa na kitu."

"Nitaingia mimi," nikasema.

Wakaniombea dua, wakanisifu, wakasema mtoto huyu ana moyo wa simba. Mpaka leo wazee wachache waliobaki hunitajia ujasiri ule, nami huwaacha wanisifu, maana sifa sizikatai. Lakini sikuwa na woga wa kuushinda. Nilikuwa nakwenda kwa baba. Katika pindo la kanga yangu nilikuwa nimefunga tambuu moja, iliyoviringwa vizuri, na chokaa yake na kipande cha popoo.

Nikaingia kwa kichwa. Ndani palikuwa baridi na palinuka kama mtungi wa zamani. Mianga myembamba ilishuka kwenye nyufa baina ya mbao. Juu ya vijiguzo vya matofali nikaona mishipa ya udongo ikipanda, kama mishipa ya mkono wa mzee. Nikatambaa mpaka chini ya chumba cha mama, na hapo nikaukuta mlima wa udongo umeinuka hadi kwenye boriti, na ncha ya jamvi imechomoza ubavuni. Ile sauti ya kutafuna ilikuwa pale pale, sasa kubwa. Nikafungua pindo langu.

"Baba," nikasema. "Nimekuletea."

Nikalivuta jamvi. Likaja lote mkononi, limeoza, jepesi, na ndani yake walikuwa wadudu weupe wengi wakikimbia mwanga. Nikachimba kwa kucha. Makuti. Udongo. Makuti tena.

"Mama!" nikalia. "Mama, Baba hayupo huku!"

Nyundo ya Fundi uani ikakoma. Kisha nikasikia mama akishuka magotini, akilala, mdomo wake ukija kwenye ufa juu ya uso wangu. Niliyaona meno yake na kipande cha nguo nyeupe.

"Hayupo, mwanangu," akasema. "Baba yuko makaburini, pamoja na watu wote. Alitoka kwa mlango wa mbele, wanaume wamembeba. Ungekuwapo ungeona. Huko uko wewe peke yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi niambie unaona nini."

Nikalia nilivyotaka kulia, naye akaningoja, hakuondoa mdomo wake kwenye ufa. Nilipomaliza nikapangusa kamasi na kumwambia ninachokiona. Tangu siku ile kazi yangu imekuwa hiyo: kuingia palipo giza na kusema palivyo.

Fundi Kombo alikuja kwenye tundu akachungulia. Hakuona kitu, lakini hilo halikumzuia. "Iliyoliwa ni boriti ya katikati peke yake," akatangaza. "Nyingine ni nzima. Boriti za Mdachi hizo." Nikachukua jiwe nikagonga. Ya katikati ikatoa sauti ya boga. Ya pili yake pia boga. Nikamwambia. "Mtoto hajui sauti ya mbao," akasema. Nikachomeka msumari kwenye boriti mojawapo ya zile alizoziita nzima, ukaingia wote bila kupigwa. Nikaingiza kidole, kikazama. Nikakwangua, nikajaza kiganja, nikatambaa mpaka kwenye tundu na kumwekea mkononi mwake udongo uliokuwa boriti.

"Hii hapa nzima yako, Fundi."

Akautazama. "Mwambie mama yako," akasema pole pole, "binti yake ana adabu mbaya na sikio zuri."

Chuoni walikuja kunifundisha kwa michoro kile nilichokwisha kukiona kwa macho. Mchwa walikuwapo ardhini tangu zamani, lakini boriti zilikuwa juu na vijiguzo vilikuwa safi, na njia yao ingeonekana. Sisi tuliwapa jamvi na makuti ya kuanzia, tukawamwagia maji, tukawapandishia udongo mpaka kwenye mbao, na kwa heshima ya marehemu hakuna aliyethubutu kwenda kutazama. Mwalimu wangu ng'ambo alipoeleza kwamba udongo usiguse mbao, niliinua mkono nikamwambia najua, na sababu naijua.

Kazi ikaanza. Mimi nilitoa udongo ule kwa kikapu, mpaka uvungu ukarudi tambarare. Bi Zuhura aling'oa mbao kwa mtaimbo, akisali na kutukana kwa zamu. Fundi alichonga boriti za mkoko, ngumu na nyekundu, akazipitisha dirishani ncha kwanza, mama akiwa amejisogeza nyuma ya pazia mpaka mkono wa mwanamume utoke. Juu ya kila kijiguzo tuliweka kipande cha debe lililokunjuliwa, ili mchwa akipanda akutane na bati. Boriti mpya zikalala ubavuni mwa zile zilizoliwa, na mimi chini nikaziinua kwa kabari, nikipiga kabari moja upande huu na nyingine upande ule, huku Fundi akipiga kelele, "Usiikaze moja tu! Kaza na mwenzake!"

Oili chafu ililetwa na mdogo wake Bi Zuhura kutoka kwenye gereji ya malori. Tukaipaka kila mahali. Mama, aliyekuwa hajagusa tone la marashi tangu siku ya msiba, alikuwa nayo mpaka viwikoni.

"Shoga," Bi Zuhura akamwambia, "mafuta mazuri umekatazwa. Haya hayakutajwa."

Mama akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu baba alipofariki, na kicheko kile kilitoka nje kupitia dirishani, kikafika barazani kwa watu. Wakaanza. Akaja mwanamke mmoja kutueleza kwa huruma yanayosemwa: kwamba mjane amepiga magoti na nyundo, kaburi la mumewe halijakauka, ni aibu gani hii.

"Waambie," mama akamjibu bila kuacha kupiga msumari, "nimekatazwa manukato na wanaume. Nyundo sikuisikia ikitajwa."

Ijumaa ikafika. Kwa saa ile moja mama akajisitiri chumba cha ndani nyuma ya pazia pamoja na Bi Zuhura, na mimi nikabaki mlangoni. Sheikh alikuwa mzee mwembamba, mwenye kutembea kama anayeogopa kuiudhi ardhi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniwekea mkono kichwani. Ami Salehe, mrefu na mpana, aliingia akitafuta shimo. Hakuliona. Aliona mbao mpya katikati ya za zamani, na akakunja pua kwa harufu.

"Wamefunika tu, Sheikh. Wanawake hawa wamefunika na kupaka."

"Mchwa waliingiaje?" Sheikh akauliza.

Fundi Kombo alikuwa dirishani, kiwiliwili nje, kichwa ndani. "Kwa ufuo, Sheikh. Jamvi na makuti vilifukiwa humo humo, na udongo ukarundikwa mpaka kwenye boriti."

"Aliyesimamia ufuo ni nani?"

Watu wazima wote wakaangalia chini. Mimi sikuwa mtu mzima. "Ami," nikasema.

Ami Salehe akanitazama jicho ambalo ningeliota, kama ningekuwa mtoto wa kuota mambo kama hayo. Sheikh akapitisha tasbihi yake kidoleni.

"Mungu amrehemu marehemu," akasema. "Mwenye shaka na sakafu ni wewe, Salehe. Basi pita wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi ndiye niliyetoboa," Bi Zuhura akapaza sauti nyuma ya pazia, "naye kwa uzito hanipungui kitu. Apite!"

Fundi Kombo akakohoa ili asicheke. Ami Salehe akavua viatu, akaanza kupita. Alitia mguu kwenye ubao wa kwanza kama mtu anayeingia maji asiyoyajua. Ubao haukusema kitu. Akatia wa pili. Akafika katikati, akasimama, akakanyaga kwa kisigino, kisha kwa nguvu. Uso wake ulikuwa umeanza kutoka jasho.

"Ruka," Sheikh akasema.

Akaruka. Mwanamume yule mkubwa, mwenye kanzu ya Ijumaa, aliruka mbele yangu mara mbili, na mara zote mbili sakafu ilimjibu kwa sauti moja, nzito, iliyojaa.

"Hakuna dharura hapa," Sheikh akasema. "Mwenye eda akae kwake mpaka eda yake iishe. Asisumbuliwe."

Ami Salehe akainama kuchukua viatu vyake. Alikuwa amekwisha kugeukia mlango mama aliposema nyuma ya pazia, kwa sauti ya mwenye nyumba anayepokea wageni.

"Mwanangu, mpe ami yako kiti. Hapo hapo katikati. Asije akasema mjini tulimwacha amesimama. Na kahawa iko tayari."

Nilikileta kiti kizito kuliko vyote tulivyokuwa navyo, cha mvule, nikikiburuta ili wote wasikie. Sheikh alikuwa ameshakaa kwenye mkeka akisubiri kikombe chake, kwa hiyo Ami hakuweza kuondoka. Akakaa. Nikasimama mbele yake na mdila wa kahawa mkononi, nikamjazia kikombe, nikamngoja anywe. Na alipomaliza, nikamjazia tena bila kumuuliza.